Mume wangu anameza vidonge vyangu vya sukari ili misuli isimwishe

SWALI

Assalamu alaykum, mfamasia.

Mimi ni mama wa miaka 66, nakaa Langoni, Lamu. Sukari ninayo miaka mingi na nimeizoea. Kliniki wananipa vidonge vya aina mbili: vile vikubwa vya metformini, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na vile vidogo vya glibenklamidi, kimoja kila asubuhi. Vyote navitoa kwenye karatasi zake nikavitia ndani ya mkebe mmoja wa haluwa, nikauweka juu ya kabati wajukuu wasiufikie. Wajukuu hawaufikii, ila babu yao anaufikia.

Mume wangu ana miaka 74. Alikuwa fundi wa kuchonga milango, mtu wa kubeba ubao peke yake kutoka ufukweni mpaka nyumbani. Sasa amekonda. Mapaja yamekwisha, kikoi kinamzunguka mara mbili. Nyumba yetu ni ya ghorofa na ngazi za mawe za nyumba hizi unazijua zilivyosimama. Siku hizi akipanda hushika ukuta, akifika katikati husimama akajifanya anasikiliza kitu nje. Kuinuka barazani lazima ajisukume kwa mikono, na tangu Ramadhani iliyopita anaswali kwenye kiti. Hajawahi kuambiwa ana sukari, lakini pia kupimwa hataki.

Sasa hapo barazani wazee wenzake wametumiwa video kwenye simu. Mzungu mmoja anasema hii metformini inazuia uzee na misuli ya mtu haiishi. Mzee akarudi akaniuliza jina la dawa yangu. Tangu hapo kila baada ya magharibi anachukua kidonge, siku nyingine viwili. Anaharisha na chakula hakimpandi. Nikimwambia, anasema dawa inasafisha uchafu mwilini, nisubiri nitaona. Ninachoona mimi ni kwamba amezidi kukonda. Nami vidonge vinaniishia kabla ya siku ya kliniki, nakaa mpaka wiki nzima bila dawa, na kusema kule naona haya.

Halafu mpwa wangu aliye Muscat ananiambia kinyume chake. Eti dawa hiyo ndiyo inayokula misuli, niiache hata mimi, naye ataniletea unga wa protini wa mkebe. Na mimi nami siko sawa: miguu hunifa ganzi, na mara nyingine kabla ya chakula cha mchana natetemeka, jasho linanitoka, moyo unanienda mbio.

Nishike la nani? Dawa inajenga misuli au inaibomoa? Na huyu mzee nimwambie vipi asione kwamba namnyima?

Mama wa Langoni

JIBU

Wa alaykum salaam, na shikamoo mama.

Habari ya misuli tutaifikia. Kwanza ushushe ule mkebe wa haluwa, maana humo ndimo ninamoona hatari kubwa kuliko yote uliyoandika. Metformini ikiliwa na asiye na sukari mara nyingi humsumbua tumbo, basi. Glibenklamidi si hivyo. Kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari, na haiulizi kama sukari iko juu au chini. Mzee wa miaka 74 asiye na kisukari, aliyeharisha mchana na asiyekula vizuri usiku, akikosea kidonge gizani baada ya magharibi, sukari inaweza kumshuka akiwa usingizini. Utamkuta ameloa jasho, anaongea ovyo kama mlevi, au haamki. Dawa hii pia hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari huweza kupanda kidogo ukimpa kitu kitamu kisha ikashuka tena saa chache baadaye.

Basi vitenganishe leo. Kila dawa irudi kwenye pakiti yenye jina lake, na vile vidogo uvifungie mahali ambapo ufunguo unao wewe tu. Ukiwahi kumwona katika hali niliyoitaja, akiwa macho na anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari, kisha apelekwe hospitali hata akisema amepoa. Kama amezimia usimtie kitu chochote mdomoni, mpeleke mbio.

Hapo hapo nakujibu la kwako la kutetemeka na jasho kabla ya mchana. Hiyo inafanana sana na sukari kushuka, na ninayemshuku ni hicho kidonge kidogo cha asubuhi. Glibenklamidi kwa watu wa umri wako siku hizi tunaikwepa kwa sababu hiyo hiyo. Usiiache kimyakimya, ila usisubiri mpaka tarehe ya kliniki ifike. Nenda ueleze: natetemeka saa fulani, baada ya kula hiki. Wanaweza kukupunguzia au kukubadilishia, kwa mfano wakakupa gliklazidi. Na siku ya kutetemeka, kama kuna mtu karibu mwenye mashine, pimwa kidole hapo hapo. Ikisoma chini ya 4 (kwa mashine ya mmol/L), kunywa maji ya sukari kwa kipimo kile kile, upime tena baada ya dakika 15, kisha ule chakula.

Sasa ile video. Haikutoka hewani. Kwa miaka mingi watafiti wameona mambo mazuri kwa wenye kisukari wanaotumia metformini, na kwa wanyama wa maabara pia, wakajiuliza kama inaweza kuwasaidia wazee kwa jumla. Swali ni la haki kabisa. Kosa la wenye video ni kulitangaza swali kama jibu, hali jibu limeshaanza kuja na si lile wanalolitaka.

Uingereza walichukua wazee 72 wasio na kisukari, wenye miguu dhaifu na mwendo wa taratibu, yaani watu wa hali ya mumeo hasa. Nusu wakapewa metformini ya miligramu 500 mara tatu kwa siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, kwa miezi 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Mwendo wao ulipopimwa kwa mita nne, waliomeza dawa hawakuwazidi wale wengine kwa lolote la maana, na dawa yenyewe iliwasumbua wengi wao.

Kabla ya hapo, mwaka 2019, kulikuwa na utafiti wa Marekani, Kentucky na Alabama. Huo nao ulikuwa wa watu wa miaka 65 na zaidi wasio na kisukari. Wote walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua vyuma kwa wiki 14, wengine wakiwa na metformini na wengine bila. Waliofanya mazoezi bila dawa ndio walioongeza misuli zaidi. Huenda ndiko mpwa wako wa Muscat alikoipata hadithi yake, akaikata mkia. Utafiti haukusema dawa inakula misuli. Ulisema kwamba kwa mtu asiye na kisukari anayefanya mazoezi, dawa ilipunguza faida ya jasho lake.

Kwa hiyo mzee aache vidonge leo. Si dawa ya kupunguza kidogo kidogo kwa mtu kama yeye, aache tu. Kule kuharisha si uchafu unaotoka. Ni athari ya metformini inayojulikana sana, na kukosa hamu ya kula ni athari nyingine. Mtu anayetaka nyama za mapaja zirudi, kisha anameza kitu kinachomfungia chakula na kumtoa maji mwilini, anarudi nyuma kila siku. Na kama figo zake zimechoka, jambo la kawaida katika umri huo, dawa hii hulimbikizana mwilini, tena akiwa amekauka maji. Ndiyo maana haipewi mtu kabla figo hazijapimwa. Yule wa kwenye video hakumpima mumeo figo.

Kuhusu wewe nasema kinyume: usiache metformini bila kuambiwa na kliniki. Kisukari chenyewe ndicho kinachoharakisha kupotea kwa misuli. Sukari ikikaa juu, misuli haiitumii vizuri, mwili unageukia akiba zake, na mishipa ya fahamu ya miguuni inaharibika. Ile wiki unayokaa bila dawa kila unapokaribia kliniki ndiyo inayokuumiza. Lakini hiyo ganzi ya miguu itaje kliniki kwa jina lake. Inaweza kuwa ya sukari yenyewe, na inaweza kuwa ni upungufu wa vitamini B12, kwa sababu metformini ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini hiyo mwilini. Upungufu huo unapimika na unatibika. Waombe wakupime, na kama kipimo hakipo hapo, waulize kinapatikana wapi.

Nirudi kwa mzee, kwa sababu kuna jambo ambalo ninyi wawili mmelipita. Mmeshakubaliana kwamba kukonda kwake ni uzee. Misuli kupungua uzeeni ni kweli ipo, madaktari huiita sakopenia, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Lakini mtu kukonda hivi, nani amehakikisha ni uzee tu? Kisukari ambacho hakijagunduliwa hukondesha. Kifua kikuu hukondesha, na vilevile tezi ya shingo, saratani, huzuni, hata meno mabovu yanayomfanya mtu aache nyama na ale ugali laini tu. Apimwe. Na akipimwa sukari, asifiche kwamba amekuwa akimeza metformini, maana inaweza kuishusha kidogo na kuwadanganya. Hapo hospitali ya King Fahd mwende pamoja, kisingizio kiwe wewe: unatetemeka na unaogopa kwenda peke yako. Mwanamume ambaye hakubali kupelekwa hospitali hukubali kumsindikiza mkewe. Akifika, kuchomwa kidole ni dakika moja, na wakitoa damu waulizie pia figo.

Sasa dawa yenyewe ya misuli. Haiko dukani kwangu, nami ningependa iwepo kwa sababu ningeiuza. Ni mambo mawili yaendayo pamoja, kuilazimisha misuli ifanye kazi nzito na kuilisha.

Tuanze na kazi. Wengi wakisikia mazoezi hufikiria kutembea, na wazee wetu wengine huenda kwa miguu mpaka Shela maji yakiwa yametoka. Ni jambo zuri kwa moyo na kwa sukari, usimkataze. Lakini paja halijengwi na kutembea peke yake. Paja hujengwa na kuinua uzito, na uzito wa kwanza ni wa mwili wake mwenyewe. Chukua kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Akae mbele kidogo, miguu chini, mikono aikunje kifuani. Ainuke mpaka asimame wima, kisha akae taratibu akihesabu moja, mbili, tatu. Kule kukaa taratibu ndiko wanakokuruka wengi, wakajibwaga, na kazi kubwa iko pale. Kama hawezi bila mikono, weka mto mgumu juu ya kiti kiwe juu zaidi, siku zikienda uutoe.

Mjukuu ashike saa ya simu, babu ainuke mara tano mfululizo bila kutumia mikono. Akipitisha sekunde 15, ni dalili kwamba nguvu za miguu zimepungua, na ndicho kipimo hicho hicho wanachotumia wataalamu. Andikeni hesabu ya siku hiyo. Nimeona wazee ambao maneno ya daktari hayakuwagusa wakashindana na namba yao wenyewe kila wiki.

Afanye mara tatu kwa wiki, siku ya katikati apumzike. Aanze na idadi anayoiweza, apumzike, arudie mara mbili tena. Akifika kumi kwa urahisi, akumbatie dumu dogo la maji la lita mbili, maana zoezi ambalo limekuwa jepesi halijengi tena. Aongeze kusimama kwa vidole vya miguu huku ameshika mlango, na kuusukuma ukuta kwa viganja kama anayetaka kuuhamisha. Asibane pumzi. Kifua kikimuuma au kichwa kikizunguka, aache na amwone daktari. Magoti yakimruhusu, kurudi kuswali chini, hata rakaa chache za sunna huku kiti kikiwa karibu cha kushikilia, kutampa kuinuka mara nyingi kwa siku bila mtu kuliita zoezi.

Na yule ni fundi, mama. Neno mazoezi linaweza kumchefua, aone anachezewa kitoto. Mtafutie ubao. Kigoda cha mjukuu, rafu ya jikoni, chochote kinachohitaji kupigwa randa. Kupiga randa ni kusukuma kwa mikono, mgongo na miguu pamoja, na kushika patasi kunarudisha nguvu za mkono ambazo nazo hupotea. Miguu bado itataka kiti, lakini mtu akishapata kazi ya kumpa heshima, la kiti hukubali.

Asiseme amechelewa. Mwaka 1990 kule Boston walichapisha habari ya wazee dhaifu wanaotunzwa kwenye makao, umri wao kama miaka 90. Waliwanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu za misuli ya mapaja ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mumeo kwao ni kijana.

Chakula sasa. Mtu wa umri wake anahitaji kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Tuseme ana kilo 60, hiyo ni gramu 60 mpaka 72. Usichanganye na uzito wa samaki: kipande cha samaki aliyepikwa cha gramu 100, kama kiganja hivi, kina protini ya gramu 22 mpaka 25. Yai moja lina 6, glasi ya maziwa 8, bakuli la mbaazi au la pojo 13 hivi. Sasa angalia anavyokula. Chai ya strungi na mahamri asubuhi, protini karibu hakuna. Mchana wali wa nazi, na nawajua wazee wetu, samaki humegea wajukuu yeye akabaki na mchuzi. Usiku chai tena. Kwa mlo wa namna hiyo hata akinyanyua nanga hataota misuli.

Asubuhi mpe mayai mawili na chai ya maziwa. Mchana kipande chake cha changu, tafi au nguru awekewe kwenye sahani yake, na wewe ukae hapo mpaka kiishe. Usiku mbaazi na kipande kingine kidogo cha samaki, au maziwa ya mtindi. Ugawe hivyo kwa milo mitatu, kwa sababu kula protini yote mchana mmoja hakumfai sana mzee. Kama meno yanamshinda, samaki na mayai ni laini kuliko nyama, na pweza asubiri. Ila nisisitize: vipimo vya figo vitangulie. Figo zikiwa na kasoro, kiasi cha protini atakipanga daktari. Na wewe mwenye sukari ni hivyo hivyo, figo zako zipimwe kabla hujaongeza.

La kumwambia asione umemnyima. Usilisemee barazani wala mbele ya watoto. Mwambie mkiwa wawili, na useme ukweli wa upande wako, kwamba kila kidonge anachomeza yeye mwisho wa mwezi wewe unakosa, na ukikosa sukari yako inapanda, na miguu tayari inakufa ganzi. Hilo la ganzi nadhani halijui. Mwoneshe na haya niliyoandika kuhusu wale 72, kama anaamini video atasoma na hili. Ukimwondolea vidonge mikononi, mtilie kitu kingine mikononi siku hiyo hiyo, yaani ubao na mayai.

Kliniki nako sema. Nakuomba sana, sema kwamba dawa zilipungua kwa sababu mzee alikuwa akizimeza. Sisi tuliokaa nyuma ya dirisha la dawa tumeyasikia makubwa kuliko hayo. Usiposema, watakuta sukari yako imepanda, watadhani dawa haikutoshi, watakuongezea dozi, kisha siku utakapozimeza zote kama zilivyoandikwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Na mpwa wa Muscat mshukuru. Ule unga si sumu, lakini mwingine huwa umejaa sukari, na bei ya mkebe mmoja inanunua mayai mengi sana ya hapo Lamu. Akisisitiza kuleta zawadi, alete mashine ya kupima sukari na vijiti vyake, ujipime siku unapotetemeka. Tena kwanza aulize vijiti vya mashine hiyo vinauzwa Mombasa au Malindi, asije akaleta ambayo vijiti vyake vikiisha ni mpaka Muscat.